Ampli Niliyoiuza kwa Dola 180: Kwa Nini Wapiga Gitaa Wengi Wanajuta



Ukurasa huu umezoea mambo ya kutafuta kazi, bursa na siasa ya nchi. Leo niruhusuni niongee juu ya ampli ya gitaa. Musicheke kwanza. Mi ni mtu wa agronomia, si fundi wa elektroniki. Lakini nimepiga mi-solo kanisani na kwenye ndoa za watu tangu nikiwa sekondari, na kuna ampli moja niliuza mwaka 2019 ambayo mpaka leo inanisumbua akili.

Nilipoanza kuuliza na kusoma, nikaona siko peke yangu. Muulize mpiga gitaa yeyote aliyezeeka kidogo katika kazi hiyo, awe Lubumbashi au London, atakutajia ampli anayoipenda, nyingine ambayo hawezi kuiachilia hata njaa ikimbana, na nyingine tena aliyoiuza akajuta. Sababu zake zinaelezeka, na hata kama hujawahi kugusa gitaa nafikiri zitakufaa, hasa kama leo unatazama kitu fulani nyumbani ukifikiri kukiuza ili umalize masomo.

Vile ilivyokuwa

Ampli ile ilikuwa ya yomba wangu, ndugu ya mama, kule Likasi. Zamani aliipigia katika orkestra ya klabu ya wafanyakazi wa migodi. Ilikuwa sanduku la mbao, zito, kitambaa cha mbele kimechanika, kibao cha jina kiling'oka zamani, hata hatukujua ilitengenezwa wapi. Ukichungulia nyuma unaona lampa za kioo zinawaka rangi ya machungwa. Nilipokubaliwa univ Lubumbashi, yomba akaniambia: "Mwipwa, kamata, ukapige nayo." Niliipandisha kwenye basi na nikailipia kiti kama abiria.

Miaka minne ilikuwa chumbani kwangu Katuba na kanisani. Juu ya sauti yake watu walianza kuniita kwenye ndoa. Kashe ilikuwa dola 15, mara 20, na siku nzuri wanaongeza sahani ya nyama. Minervali ya miaka ile, sehemu kubwa ilitoka pale.

Halafu ukafika mwaka wa mwisho wa lisansi. Salio la minervali, kuchapa memwari, nakala za walimu, kostimu ya siku ya kujitetea. Papa alikuwa hajalipwa miezi mingi. Mfanyabiashara mmoja akasikia ampli kanisani, akasema anatoa dola 180 pale pale. Kanisa lilikuwa limeshanunua kifaa kipya cha tranzista, mbele kimeandikwa wati 300. Ile ya yomba, fundi alikadiria wati 15. Nikajiambia: wati 15 na wati 300, hapo kuna cha kufikiria? Nikauza.

Nilijitetea, nikapata lisansi. Jumapili iliyofuata nikachomeka gitaa kwenye kifaa kipya, na nikasikia gitaa yangu kama mtu anayeongea ndani ya simu.

1. Ampli ni tumbo la gitaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kazi ya ampli ni kukuza sauti tu, kama vile mikrofoni na bafle zinavyokuza sauti ya mhubiri.

Gitaa ya kawaida ina tumbo. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, ndio Likasi ya leo, mwaka 1952, hakuhitaji ampli. Nyuzi zinatikisa ubao, ubao unatikisa hewa ya ndani, na sauti inatoka imeshapikwa. Sasa chukua gitaa ya umeme, ambayo ni ubao mgumu usio na tumbo. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazaa umeme mdogo sana, sehemu ya volti moja. Umeme huo bado haujawa muziki. Unahitaji tumbo, na tumbo lenyewe njo ampli.

Ndiyo maana oparlere ya ampli ya gitaa haifanani na ya redio. Mara nyingi ina upana wa inchi 10 au 12, na ukipita hezi 5,000 hivi inaanza kunyamaza. Sikio la kijana linasikia mpaka hezi 20,000. Mtu atasema basi ni oparlere mbovu. Hapana. Katika eneo hilo la juu ndimo kunakaa mikwaruzo ya vidole na ukali unaochoma masikio, na oparlere ya gitaa inavizima. Bafle ya kanisa imetengenezwa ili itoe kila kitu, kwa hiyo ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikseri, inakutolea hata kile ambacho hakuna aliyetaka kukisikia. Ile sauti ya simu niliyosikia ilianzia hapo.

2. Lampa inafanya nini?

Lampa, ambayo wengine wanaiita valvu, ni chupa ya kioo isiyo na hewa ndani. Katikati kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto mpaka kinatoa elektroni. Pembeni kuna bamba lenye volti mia kadhaa linalozivuta elektroni hizo. Kati yao kuna wavu mwembamba. Umeme mdogo wa gitaa unapita kwenye wavu, unafungua na kufunga njia, kama mlango mdogo wa mfereji unavyotawala maji mengi ya umwagiliaji. Kitu kidogo kinaongoza kikubwa.

Lampa ya aina hiyo ilibuniwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Mwaka 1947, katika maabara za Bell kule Marekani, ikatokea tranzista, ndogo, rahisi, isiyohitaji kupashwa moto. Redio zikahamia kwa tranzista, televizio zikafuata. Wapiga gitaa wengi wakakataa kuhama, na mpaka leo viwanda vichache vya Slovakia, Urusi na China vinaendelea kutengeneza lampa, na wapiga gitaa ni kati ya wateja wake wakubwa.

Kwa nini walikataa? Kwa sababu ya kile kinachotokea ukizidisha kipimo. Kila ampli ina mwisho wake. Sauti ikitaka kupita pale, kilele cha wimbi kinakatwa. Katika saketi nyingi za tranzista kinakatwa ghafla, kama panga kwenye muwa, na sikio linasikia mkwaruzo mkali. Katika ampli ya lampa kilele kinaanza kuviringwa mapema, polepole, na mviringo huo unaongeza sauti ndogo juu ya ile ya uzi zinazopatana nayo. Gitaa inanenepa. Ukigusa uzi taratibu sauti ni safi, ukikaza mkono inaunguruma, ukilegeza inarudi. Unaongea na ampli kwa vidole bila kushika kifungo chochote.

Njo kitu nilichokuwa nacho kwa miaka minne bila kujua jina lake. Nilidhani ni mkono wangu.

3. Wati 15 na wati 300

Hapa hesabu ilinidanganya, mimi mtu niliyefaulu takwimu.

Sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu magunia. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu wa nyuma ya kanisa anaisikia kidogo. Ili sikio liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili", unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka 15 mpaka 150 umepanda mara mbili tu kwa sikio.

Halafu kuna oparlere yenyewe. Oparlere nzuri ya gitaa, ukiipa wati moja na kusimama mita moja, inaweza kutoa desibeli 97 au hata 100. Bafle nyingi ndogo za nyumbani zinatoa karibu 87. Tofauti ya desibeli 10 ni sawa na wati mara kumi. Ampli ya wati 15 yenye oparlere ya desibeli 97 inapiga sawa na kifaa cha wati 150 chenye oparlere ya 87. Na tena zile wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, mara nyingi ni za kilele cha sekunde moja, si za kazi ya jioni nzima.

Namba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa namba ya swali lingine.

4. Ampli ambazo dunia inazililia

Niwape mifano michache, sababu kila moja inafundisha kitu.

Fender Bassman. Leo Fender alikuwa fundi wa redio kule Fullerton, California. Ampli hii aliitoa mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa ya besi, kama jina lake linavyosema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na oparlere nne za inchi 10. Wapiga besi waliikubali, lakini wapiga solo njo waliolewa nayo. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi ya London, pamoja na mafundi wake, wakatengeneza ampli yao ya kwanza wakifuata mchoro wa Bassman, kwa vipande walivyoweza kupata Uingereza. Vipande vikabadilika, sauti nayo ikabadilika, na kutoka hapo ikazaliwa sauti ya roki nzito. Kama ni mmea ningesema mbegu ile ile imepandwa kwenye udongo mwingine.

Vox AC30. Ilitoka Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, mchoro wa Dick Denney. Kundi la The Shadows lilikuwa linapiga kwenye kumbi ambazo kelele za mashabiki zilifunika ampli ndogo ya wati 15, ndipo ikaongezwa mpaka 30. Brian May wa kundi la Queen amebaki na AC30 kazi yake yote. Si kwamba alikosa pesa ya kununua nyingine. Mkono wake ulishajua njia.

Fender Deluxe Reverb. Ilitoka mwaka 1963, wati 22, oparlere moja ya inchi 12. Wengi walioinunua walitaka ampli ya kuanzia, wakaiuza walipopata kumbi kubwa, halafu wakaitafuta tena kwa bei kubwa zaidi. Ukubwa wake unafaa studio na ukumbi mdogo: unaweza kuifungua mpaka lampa zitoe jasho bila kufukuza watu. Mwaka 1965 Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, na miaka michache baadaye uso wa ampli ukabadilika kutoka mweusi kuwa wa rangi ya fedha. Kwa muda mrefu watu waliuza zile za fedha kwa bei ya chini, wakizidharau. Leo nazo zinatafutwa.

Roland JC-120. Hii naiweka ili musifikiri lampa ni dini. Ni ya Japani, ilitoka mwaka 1975, ni tranzista tupu. Ndani yake kuna ampli mbili za wati 60, kila moja na oparlere yake. Ukiwasha koras, oparlere moja inapiga sauti kavu, nyingine inapiga ile ile ikiwa imechelewa kidogo na kuyumba, na hewa ya chumba inazichanganya. Sauti yake ni safi kama maji ya kisima. Kwa sisi watu wa sebene, tunaotaka kila noti isikike hata vidole vikikimbia, ni ampli ya heshima. Inaendelea kutengenezwa mpaka leo.

Mutaona kwamba hakuna hata moja iliyopendwa kwa sababu ya namba kubwa. Kila moja ilimkuta mtu, mahali na muziki, na ikakubaliana navyo.

5. Na hapa kwetu?

Congo hatukubaki nyuma katika jambo hili, ila hatuliongelei hivyo. Chukua Konono N°1 ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi, mpiga likembe aliyetoka upande wa mpaka wa Angola. Mji ulikuwa na kelele, likembe ni chombo cha sauti ndogo. Walitengeneza mikrofoni kwa sumaku walizozitoa kwenye vipande vya magari mabovu, wakatumia bafle za bati zenye mdomo wa tarumbeta. Sauti ikatoka imekwaruzika. Fundi wa shule angesema ni hitilafu. Wao waliikubali, wakaipigia, ikawa sehemu ya muziki wao. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilisikilizwa mbali sana na Kinshasa, na mkwaruzo ule njo kitu cha kwanza watu walichokipenda.

Sasa fikiria mtu aje awaambie: "Tupeni hivyo vitu vibovu, tunawapa mikseri mipya." Wangepata sauti safi, na kundi lingekuwa limekufa.

Kwetu chumbani, ampli ya yomba nayo ilikuwa na siri. Saa moja ya jioni, mtaa mzima ukiwasha resho kupika bukari, umeme unashuka. Nilipima siku moja kwa multimetre ya rafiki: volti 180, badala ya 220. Sinte ya jirani ilikuwa inazimika, lakini ampli ilikuwa inaimba vizuri kuliko mchana, laini, kama imekula asali. Nilifikiri ni mawazo yangu tu. Baadaye nikasoma kwamba Eddie Van Halen, ambaye albamu ya kwanza ya kundi lake ilitoka mwaka 1978, alikuwa anaunganisha Marshall yake kwenye transifoma ya kurekebisha na kushusha volti kwa makusudi. Volti zikishuka, lampa zinafika mwisho wake mapema, na kilele cha wimbi kinaviringwa kabla sauti haijawa kubwa mno. Yeye alinunua mashine ya kumpa umeme mdogo. Sisi Katuba tulipewa bure.

Lakini huo si ushauri. Umeme unaoshuka unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinaunguza. Lampa zikipashwa moto pungufu siku nyingi nazo zinachoka. Kama una ampli, weka stabilizateri.

6. Kwa nini tunauza

Watu wanauza ampli kwa sababu zinazoeleweka. Ni nzito: Fender Twin Reverb inapita kilo 28, na AC30 ya oparlere mbili inafika kilo 30 na zaidi, baada ya miaka 40 mgongo unadai. Ni kubwa mno kwa nyumba ya kupanga. Lampa zinagharimu na hazipatikani kila soko. Kikatokea kifaa kidogo chenye kompyuta ndani, kinaiga sauti za ampli mia moja, kinaingia kwenye mkoba, na kwa wengine kinatosha kabisa. Na kuna sababu yetu sisi, njaa ya makuta.

Majuto yanakuja kwa sababu tunauza kile tunachokiona, mbao, kitambaa na lampa, na pamoja nacho tunatoa kitu ambacho hatukukiweka kwenye hesabu.

Hapa agronomia ilinisaidia. Wakati wa staji yangu upande wa Kipushi, nilimkuta mama mmoja mwenye shamba la mahindi ya hibridi, na kwenye kona amepanda mistari michache ya mahindi ya zamani, punje ngumu. Mimi na kalamu yangu nikamwambia: mama, ile kona inakupotezea magunia. Akanijibu: "Mwanangu, hii mupya inajaza shamba. Ile ya zamani njo inafika mwezi wa kwanza." Alikuwa na haki. Punje ngumu inasumbua wadudu wa gala; ile laini wanaitoboa mapema. Na mbegu ya hibridi ukiipanda tena mwaka wa pili, nguvu inashuka, lazima ununue upya. Nilikuwa ninapima tani kwa hekta. Yeye alikuwa anapima chakula ndani ya nyumba wakati wa njaa.

Wati 300 zilikuwa tani zangu kwa hekta. Ampli ya yomba ilikuwa inaniletea kashe, na kashe ilikuwa inalipa minervali. Nilipoiuza ili nilipe minervali, nilikula mbegu. Mtu wa agronomia mzima!

Baada ya pale walinialika kwenye ndoa mbili tu mwaka ule. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyesema gitaa imeharibika. Simu ziliacha tu kulia. Lisansi ninayo, siijutii hata siku moja. Lakini mpaka leo ninaishi kwa kontra za miezi mitatu mitatu za miradi, na ile shamba ndogo ya Jumamosi jioni sina tena.

7. Kabla hujauza

Kama una ampli, au cherehani, au kamera, au kitu chochote unachofanyia kazi, chukua haya.

Kwanza, ishi bila hicho kitu mwezi mmoja kabla ya kukiuza. Kiweke kwa rafiki. Kama ni ampli, piga na ile mpya mwezi mzima mbele ya watu. Mimi nilisikia tofauti Jumapili ya kwanza, lakini pesa ilikuwa imeshaenda.

Pili, hesabu kilichoingiza, si kile mtu anachotoa. Dola 180 zilikuwa ndoa tisa mpaka kumi na mbili.

Tatu, kabla ya kuuza omba rehani kwa maandishi. Ningeweza kumwambia yule mfanyabiashara: nipe dola 180, ampli ikae kwako miezi sita, nikirudisha na faida kidogo naichukua. Pengine angekataa. Sikuuliza.

Nne, piga picha ya kitu, nyuma na mbele, na andika namba na simu ya mnunuzi kwenye daftari. Mimi niliiweka namba kwenye simu, na simu ikaibiwa.

Tano, mjulishe aliyekupa.

Na wewe unayenunua ampli ya lampa, usiiwashe kamwe bila oparlere kuunganishwa, transifoma ya mwisho inaungua. Hakikisha omu za oparlere zinalingana na zile zilizoandikwa nyuma ya ampli. Na usifungue ndani hata kama umeng'oa priza: kondensateri zinaweza kubaki na volti mia kadhaa, na volti hizo hazijui kwamba wewe una diploma. Mpelekee fundi anayejua lampa.

Kumalizia

Ya tano njo ilinichukua muda mrefu. Yomba nilimficha mwaka mzima. Nilipofika Likasi kwa matanga ya familia, akaniuliza ampli inaendeleaje. Nikamwambia ukweli, macho chini. Nilingoja anikemee. Akanyamaza, halafu akauliza: "Na zile lampa za akiba, ulimupatia?"

Sikujua kama kulikuwa na lampa za akiba.

Akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani, zimefungwa kwa vitambaa, kulikuwa na lampa nne. Alizitunza tangu wakati wa klabu, alitaka kunipa siku nitakayopata lisansi. Akaniambia: "Ile mashine bila hizi, itanyamaza siku moja. Tafuta mwenye kuwa nayo, umupe. Si kosa ya ampli."

Kwa hiyo andiko hili ni tangazo pia. Kama uko Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ama ulivuka nayo mpaka Zambia, na una ampli ya mbao isiyo na jina, kitambaa kimechanika upande wa kulia, kifungo cha pili kimebadilishwa na kifuniko cha chupa ya soda, niandikie. Siji kuidai, uliinunua kwa haki. Nitakuletea lampa nne bila franga hata moja, na fundi nitamlipa mimi. Nitaomba kitu kimoja tu: nichomeke gitaa, nipige wimbo mmoja, na yomba asikilize kwa simu.

Na wewe, kitu gani uliuza ukajuta? Tuambie, wadogo wetu wa mwaka wa mwisho wasome kabla hawajaita mnunuzi.